Pilipili mbuzi zinapukutisha maua kila asubuhi: ni baridi ya Chuga (Arusha) au nimekosea mahali?

MamaWaIlboru (mleta uzi), Julai
Wakuu, habari za usiku. Naandika nimejifunika blanketi mbili, kwa hiyo tuko mwezi gani mnajua wenyewe.

Nina mashina sita ya pilipili mbuzi kwenye ndoo za rangi, zile za lita 20, nimezipanga barazani. Nilisia mwezi wa pili, miche ikatoka vizuri, masika yakaikuta ikapendeza, majani mapana yamekoza. Mwisho wa mwezi wa tano ikaanza kutoa maua, nikawatangazia mpaka majirani kwamba mwaka huu sinunui pilipili soko la Kilombero.

Leo katikati ya Julai sijachuma hata moja. Kila asubuhi nikifagia baraza naokota maua. Jana nimeyahesabu: thelathini na moja. Wala hayanyauki, yanadondoka mazima, meupe, pamoja na kikonyo. Nimeinama nikaangalia kwa karibu: pale kikonyo kinapoungana na tawi panageuka njano, ukigusa kwa ncha ya kidole tu, chini.

Nikaenda duka moja la pembejeo mjini. Kijana hakuuliza hata ninakaa wapi, akanipa chupa ya busta ya maua, elfu kumi na tano. Nimepuliza mara mbili. Maua yameongezeka kweli, na yanayodondoka nayo yameongezeka.

Shemeji yangu ananiambia ning'oe zote nipande sukuma wiki. Kesho nang'oa mbili nione mizizi ina nini. Hizo nne zilizobaki naomba mniokolee.

Mangi_wa_Pasua
Pole sana mama. Dawa ni moja: hamia Moshi, huku kwetu Pasua. Mimi mwaka jana nilimwaga maji ya kuoshea kachumbari dirishani, sasa hivi nina kichaka. Sijui mbolea, sijui kumwagilia. Nyie endeleeni kuvaa masweta.

chalii_wa_Ngarenaro
Mama, elfu kumi na tano ungenunua pilipili za mwaka mzima ukabaki na chenji ya kitunguu. Haya mambo ya kulima barazani tuwaachie wazungu.

MamaWaIlboru
@chalii pilipili usiyoila yakuwashia nini?

FundiKitalu
Dada, achana na busta. Na kama hujang'oa hizo mbili, using'oe.

Ua la pilipili likidondoka zima namna hiyo, mara nyingi ni kwamba halikuchavushwa, na mmea haupendi kubeba mzigo usio na mbegu. Halikuchavushwa kwa nini? Baridi ya usiku. Usiku ukianza kwenda chini ya nyuzi 15 hivi, chavua ya pilipili inaanza kuharibika. Ikifika 12, 13, usiku baada ya usiku, hata nyuki waje kundi zima watakuwa wanabeba unga uliokufa. Na pilipili mbuzi ndiyo yenye madeko kuliko zote. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, mabondeni, kule hata usiku kuna joto. Pilipili kichaa na zile ndefu zinavumilia kidogo zaidi.

Nikupe kipimo cha bure. Tafuta kama kuna ua lolote lililoshika. Kama lipo, tunda litakuwa dogo, limebonyea kama kifungo cha koti. Lipasue kwa wembe. Ukikuta ndani hamna mbegu, au zipo mbili tatu za kuhesabu, kesi imekwisha.

Watu wananishangaa nikisema baridi inasumbua pilipili Arusha, kwa sababu wamezoea kusikia habari za Ulaya ambako mmea unaganda unakufa. Ya kwetu haiui. Mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wewe Ilboru uko juu zaidi, lakini kuganda hakuna. Mmea unakaa tu umenuna. Moshi mjini wako chini yetu mita mia tano au zaidi, na kila ukipanda mita 100 joto linapungua nusu nyuzi na kidogo. Kwa hiyo Mangi anatuzidi kama nyuzi tatu bila kufanya kazi yoyote. Ndiyo maana ana kiburi.

Baraza lako limeangalia wapi?

MamaWaIlboru
Limeangalia mjini, mlima uko nyuma ya nyumba. Mbili nimeshang'oa asubuhi, kabla sijasoma. Mizizi ilikuwa meupe, mizima kabisa, imejikunja chini ya ndoo kama tambi. Nimejisikia vibaya.

Kifungo nimekipata, kimoja. Nimepasua: hamna mbegu hata moja. Ila kinawasha.

FundiKitalu
Kinachowasha ni ule utando mweupe unaoshika mbegu, si mbegu zenyewe, kwa hiyo hicho kimejitahidi.

Sasa sikiliza. Kama mlima uko nyuma ya nyumba, baraza lako linaangalia kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi tatu na kitu. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, upande wa Meru. Desemba ndiyo linahamia kusini. Kwa hiyo miezi ya baridi, baraza lako liko kwenye kivuli cha nyumba yako mwenyewe. Mawingu yenyewe yanafunguka saa sita, saa saba. Hayo masaa machache ya jua yaliyobaki umeyanyima pilipili.

Zihamishie nyuma, zibane na ukuta unaoangalia mlima. Ukuta wa tofali unakula jua mchana na usiku unarudisha kidogo kidogo. Na usiziweke juu ya sakafu, tia tofali mbili chini ya kila ndoo, saruji ya Julai ni barafu.

MamaWaIlboru
Jamani. Miaka tisa nipo kwenye nyumba hii. Kila mwezi wa saba naanika nguo nyuma kwa sababu mbele hazikauki, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

BintiTengeru
Nimeweka kambi. Swali la kando: dada unamwagilia saa ngapi?

MamaWaIlboru
Jioni nikitoka kazini, kila siku, kikombe kikubwa kila ndoo. Maji ya bomba.

BintiTengeru
Hapo napo pana kesi. Maji ya bomba ya huko kwenu yanashuka mlimani, yakitoka usiku huu ukinawa uso unalia. Unayamwaga kwenye udongo ambao haujapata jua, halafu unauacha hivyo mpaka asubuhi. Mmea usio na kazi haunywi. Kipindi hiki ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kama bado unasikia ubichi, usimwagilie. Mimi Julai namwagilia mara moja au mbili kwa wiki, saa nne asubuhi, maji niliyoyaacha kwenye ndoo nyeusi tangu jana yake.

Ukiona majani ya chini yanakuwa na rangi ya zambarau usikimbilie tena dukani. Udongo wa baridi unaibana fosforasi, mizizi haiwezi kuivuta hata kama ipo tele. Joto likirudi rangi inaondoka.

MekuMarangu
Habari zenu wanangu. Nimesoma yote. Huyu Mangi asiseme Moshi kana kwamba Moshi ni Pasua. Apande huku kwetu Marangu mwezi huu na hicho kichaka chake tuone.

Sisi huku tuna baridi kuliko hiyo ya Ilboru, na pilipili tunakula. Siri ya kwanza: usipande mbuzi, panda kichaa. Siri ya pili ni mahali. Mama yangu hakuwa na kipimajoto, lakini pilipili zake hazikuwahi kukaa kihambani chini ya migomba. Zilikaa nyuma ya jiko, zimeegemea ukuta ambao upande wa ndani kuna mafiga. Moto wa kuni hapo ndani hauzimiki, ndizi za kuivisha ziko darini, mbege inachemka, na ule ukuta una joto mchana na usiku. Nyie wa jiko la gesi mtajua wenyewe mtafanyaje.

Ya tatu, na hii nasema kwa uchungu kwa ajili ya zile mbili zilizong'olewa. Pilipili si mchicha. Ni mti. Nina shina moja la kichaa lina mwaka wa sita, chini limekuwa gumu kama mbuni mchanga. Mwezi wa saba nalikata, nabakiza kimo cha goti, matawi matatu manne yenye macho. Silipi mbolea, maji nalipa ya kutokufa tu. Mwisho wa mwezi wa nane likianza kuchipua ndipo linapata samadi ya mbuzi iliyooza. Kufikia vuli linazaa mpaka ndege wananisaidia.

Mangi_wa_Pasua
Shikamoo Meku. Nimenyamaza.

FundiKitalu
Meku amesema kitu ambacho vijana wa vitalu hatukisemi kwa sababu tunauza miche. Ulaya ndiyo wanalazimika kusia upya kila mwaka, au kuuingiza mti ndani ya nyumba. Hapa kwetu hakuna sababu. Dada, kata hizo nne. Toa maua yote na vile vifungo, vinamaliza nguvu bure.

Na hilo la ndege ni kweli tupu. Ndege hawausikii ule mwasho kabisa, wanameza, mbegu inatoka nzima, ndiyo maana unakuta kichaa imeota chini ya mparachichi na hakuna aliyeipanda.

MgeniNjiro
Samahani wakuu, hakuna pilipili inayopenda baridi yenyewe? Dunia nzima kweli?

FundiKitalu
Ipo. Inaitwa rocoto, ya milima ya Andes, Peru na Bolivia. Majani yake yana manyoya, maua ya zambarau, na ukiipasua mbegu zake ni nyeusi, huwezi kuichanganya na nyingine. Nyama yake nene kama hoho lakini inawasha kweli. Yenyewe inataka hali kama yetu ya Julai, ukiipeleka Pasua inanuna. Wanaoilima wanashauri kupanda mashina mawili au zaidi, likiwa peke yake mara nyingi linasuasua kushika matunda.

Ila usimtume mtu akuletee mbegu kwenye soksi. Mbegu za kutoka nje zina kibali chake, TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, makao makuu yako hapa hapa Arusha, nenda uulize. Na kabla ya kwenda mbali, pale Tengeru kuna World Vegetable Center na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo), watu wanaoshinda na mbegu za mboga kutwa nzima. Anzia hapo.

chalii_wa_Ngarenaro
Haya, nakiri mbele ya kadamnasi. Niliwacheka, lakini wiki mbili zilizopita na mimi nilijaribu. Nilisoma mahali kwamba mbegu ya pilipili inataka udongo wa nyuzi 25 mpaka 30 ndiyo iote, chini ya 15 inalala tu. Nikatafuta mahali pa joto ndani ya geto: juu ya king'amuzi. Nikaweka trei, nikanyunyizia maji kila nikikumbuka. Siku ya tisa zimechungulia, nne! Siku ya kumi picha imekatika katikati ya mechi. Maji yalikuwa yanapenya kwenye matundu ya trei, yanaingia moja kwa moja. Fundi amenitoza elfu ishirini na tano na bado anacheka.

MamaWaIlboru
Elfu ishirini na tano ungenunua pilipili za mwaka mzima ukabaki na chenji ya kitunguu.

BintiTengeru
Juu ya friji, chalii, kwa nyuma kule kwenye joto. Na chini ya trei unaweka sinia. Zikishaota tu unaziondoa zikapate mwanga, la sivyo zinarefuka kama uzi.

Na miche ya kipindi cha baridi uiogope kinyausi. Unalala miche imesimama, unaamka imelala. Ukiinua mmoja unakuta shingo, pale inapotoka kwenye udongo, imekuwa nyembamba kama unywele, nyeusi, juu mzima chini mzima. Hiyo haina kupona. Inaletwa na udongo wenye vimelea, maji mengi na hewa iliyobanana. Mimi udongo wa kusia nauchoma kwanza kwa maranda, nikisia naweka tabaka jembamba la mchanga juu, na simwagilii mpaka ule mchanga ubadilike rangi.

MamaWaIlboru
Nimenunua kipimajoto. Wiki nzima nimeamka saa kumi na moja alfajiri na tochi kama mwizi. Barazani: 11, 12, 11, 11, 13, 12, 11. Nyuma ukutani: 14, 14, 13, 14, 15, 14, 13.

Nyuzi mbili tatu kwa kuhamisha ndoo tu.

Ila nikajifanya mjanja. Nikazifunika na nailoni jioni, nikaona nizidishe. Asubuhi nikaondoka kazini bila kufunua, na siku hiyo jua likaamua kutoka saa nne. Nimerudi nimekuta shina moja majani yameiva kama yamechovywa maji ya moto. Kwa hiyo hilo tumelikata kabla ya wakati wake. Mengine matatu nimeyakata leo, kimo cha goti, kama Meku alivyosema. Yanatia huruma kuangalia. Shemeji amepita akacheka.

MekuMarangu
Mwache acheke. Chovya kisu kwenye maji ya moto kila unapohama shina.

MamaWaIlboru, Septemba
Mrejesho wakuu. Wiki tatu hazikufanya chochote, vijiti tu. Nikakwaruza gome kwa ukucha, chini ni kijani, nikatulia. Tarehe ishirini na kitu za Agosti nikaona kwenye kila jicho kitu kama kichwa cha kiberiti, kijani. Sasa hivi yote manne yamevaa, hata lile lililoungua.

Mwisho wa Agosti pia nimesia mpya juu ya friji, zimetoka siku ya kumi na sita. Miche tisa. Miwili imekwenda na kinyausi, Binti ulinionya na bado nikamwaga maji. Saba iko kwenye viriba vile vya miche ya kahawa.

Samadi nimeweka. Nimechanganya udongo ndoo mbili, samadi iliyooza ndoo moja, makapi ya mpunga ndoo moja. Ni sawa?

FundiKitalu
Sawa kabisa, mradi samadi imeoza kweli, ukiishika haina harufu wala joto. Ya kuku usiguse kama haijakaa miezi. Na yurea usiweke, utapata majani ya kufugia mbuzi.

MamaWaIlboru, Novemba
Maua. Siokoti tena kitu asubuhi, au naokota matatu manne, hayo nayasamehe. Usiku kipimajoto kinasoma 16. Matunda yameshika, nayahesabu kila siku mpaka watoto wananicheka. Mahali pa ua panabaki kidoti cha kijani kinachochungulia katikati ya petali zilizokauka, kesho yake petali zimesukumwa pembeni.

Ndoo nimeanza kuzirudisha barazani, jua limeshavuka.

chalii_wa_Ngarenaro
Hapo umewaza. Na mimi nina moja. Iko dirishani, king'amuzi kiko upande wa pili wa chumba.

MamaWaIlboru, Januari
Mrejesho wa mwisho kwa sasa. Mashina manne ya zamani: Jumamosi nimechuma bakuli la ugali limejaa, nyekundu na za njano, na hilo ni chumo la tatu. Ile miche mipya saba, miwili bado iko viribani, mitano iko kwenye ndoo, imefika kiunoni kwangu, maua ndiyo kwanza. Kwa hiyo wazee waliokatwa wamewatangulia vijana kama miezi miwili. Zile mbili nilizong'oa Julai kila nikikumbuka namkumbuka na yule kijana wa busta.

Zilizoanza kubadilika rangi nazichuma nazimalizia jikoni, zinaiva bila shida, na mti unapumua.

Bakuli hilo nimetengeneza pilipili ya kukaanga kwa vitunguu saumu na ndimu. Shemeji amekula na nyama choma jana. Alianza na kijiko. Tumempa maziwa lita moja, maji hayakusaidia, kile kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji.

MekuMarangu
Safi sana mwanangu. Julai usisahau kisu.

Mangi_wa_Pasua
Mama Ilboru shikamoo. Naomba kuuliza kwa heshima zote. Kichaka changu majani ya juu yamejikunja, yamekuwa membamba, machanga hayafunguki kabisa, na huku joto halikamatiki. Maua yanadondoka.

BintiTengeru
Huo ni utitiri, Mangi, unapenda joto lenu hilo hilo. Hauonekani kwa macho. Kata vichwa vyote vilivyojikunja uvichome, mabaki piga maji ya sabuni chini ya majani jioni, rudia baada ya siku nne tano. Majani ya mwarobaini huko kwenu yamejaa, twanga, loweka usiku mmoja, chuja uchanganye. Kama umefika mpaka kwenye shina, fyeka anza upya.

Mangi_wa_Pasua
Umefika. Mama, ile miche yako huna wa ziada?

MamaWaIlboru
Ninao wawili. Elfu moja mmoja, kiriba unarudisha. Njoo na sweta.